Yungiyungi linalozaa kitovuni: mwongozo kamili wa kulitambua, kulipanda na kulizalisha 'Dauben'

Chukua jani kuukuu la yungiyungi hili, lile ambalo kingo zake zimeshaanza kuwa za njano, ulitazame pale kikonyo kinaposhikana na ubapa. Utaona kinundu chenye ukubwa wa punje ya choroko, na juu yake vijani viwili vitatu vidogo kuliko ukucha. Huo ni mche mzima. Unaota mizizi yake wenyewe, unaanza kiazi chake, na ukiachwa hapo unaweza kutoa ua ukiwa bado umebebwa na jani la mama. Mayungiyungi mengi hayana uwezo huo. 'Dauben' linao, na ndiyo maana mtu mwenye beseni moja kibarazani anaweza kuanza na mche mmoja, na mwaka ukizunguka akawa anawagawia majirani.

Mimi nalikuza Dar es Salaam, kwenye mabeseni na ndoo. Miche yangu mitatu ya mwanzo ilikufa: wa kwanza niliuzika, wa pili niliupandia kwenye samadi mbichi, wa tatu niliuweka chini ya bomba linalodondosha maji kutwa. Vifo vyote vitatu vilitokana na jambo moja, kutoujua mwili wa mmea. Kwa hiyo naanza na mwili kabla ya kushika udongo. Ukishajua jani linapumulia wapi na kiazi kinakaaje, hatua nyingi utazibashiri kabla hujazisoma.

Wazazi wake

Jina la kisayansi ni Nymphaea × daubenyana. Alama ya × katikati huwekwa na wataalamu wa mimea kuonyesha kwamba mmea ni chotara wa spishi mbili. Wazazi wanaotajwa ni Nymphaea micrantha, yungiyungi la Afrika Magharibi, na Nymphaea caerulea, yungiyungi la bluu la Mto Nile, lile lile linaloota kwenye mabwawa na vinamasi vyetu vya Afrika Mashariki. Wazazi wote wawili ni Waafrika, lakini chotara wao alipata jina mbali na kwao, Oxford nchini Uingereza, katika karne ya 19. Charles Daubeny alikuwa profesa wa botania katika chuo kikuu cha pale tangu mwaka 1834, na mwaka 1851 alijenga katika bustani ya mimea ya chuo hicho nyumba ya vioo yenye tangi la kukuzia mimea ya majini ya nchi za joto. Alifariki mwaka 1867. Chotara hili limebeba jina lake, na wakuzaji wamelifupisha kuwa 'Dauben'.

Kila mzazi alirithisha chake. Uwezo wa jani kuzaa umetoka kwa micrantha. Rangi ya bluu inakumbusha caerulea, ambalo siku hizi wataalamu wengi huliweka ndani ya spishi Nymphaea nouchali. Humo humo wameweka yungiyungi lingine linalotuhusu, lenye jina la zanzibariensis, lililoelezwa kisayansi mwaka 1877 na kuitwa kwa jina la Zanzibar. Huyo naye ni mzazi wa chotara maarufu, 'Blue Beauty', aliyezalishwa Marekani na Henry Conard mwishoni mwa karne ile ile. Nayataja haya kwa sababu mbele nitarudi kwenye swali la kutolitupa 'Dauben' kwenye bwawa la kijiji, na swali hilo halieleweki bila kujua kwamba ndugu zake wako hapa hapa.

Mwili wake, kuanzia topeni

Chini kabisa kuna kiazi. Mayungiyungi ya nchi za baridi hutambaa kwa shina nene linalolala topeni mithili ya tangawizi. Haya ya kitropiki husimama juu ya kiazi kimoja, na majani yote na maua yote hutoka kileleni mwake. Kilele hicho ndicho roho ya mmea. Kikifunikwa na udongo, kinaoza. Kikiliwa na konokono, mmea umekwisha hata kama mizizi bado ni myeupe na mizima. Mche wangu wa kwanza ulikufa kwa hilo: niliupanda kama ninavyopanda mche wa mchicha, udongo hadi shingoni.

Kutoka kileleni huinuka vikonyo, vyembamba na laini. Kata kimoja kwa wembe ukitazame: ndani kuna matundu yanayoonekana kwa macho. Ni njia za hewa. Tope lililo chini ya maji karibu halina oksijeni, na mizizi haiwezi kuishi bila hiyo, kwa hiyo majani huvuta hewa juu na kuishusha kwa matundu hayo. Jani moja zima juu ya maji ni pua ya mizizi iliyo chini. Ndiyo sababu mmea ulionyang'anywa majani yote kwa siku moja unaweza kuoza kuanzia chini.

Jani lenyewe hukaribia umbo la yai, lina mpasuko unaotoka ukingoni hadi kwenye kikonyo, na mara nyingi likiwa changa huwa na madoa ya zambarau. Kwenye ndoo hufikia upana wa kiganja au zaidi kidogo. Kwenye bwawa lenye nafasi hufika sentimita 30 hivi. Sasa shika hili vizuri. Mimea mingi ya nchi kavu ina stomata, yaani vile vitundu vya kupumulia, upande wa chini wa jani. Yungiyungi limevihamishia upande wa juu, kwa kuwa upande wa chini umelala majini. Juu pana nta inayofanya matone yateleze na kuondoka. Bomba linalodondosha au chemchemi ya mapambo inayorusha maji mfululizo hulinyima jani pumzi. Mvua haina neno, maana hupita.

Na kitovu. Katika Kiswahili sikulazimika kutafuta neno, kwa sababu hata wataalamu wa botania huliita eneo lile la katikati ya jani kwa neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo. Hapo ndipo mche huchipua, upande wa juu. Jani likiwa changa hapana kitu cha kuonekana. Likikomaa, kinundu hujitokeza. Likizeeka, chakula chote kilichobaki ndani yake humwendea mtoto, kisha jani huoza, na mtoto akaelea akitafuta pa kushika.

Ua husimama sentimita kadhaa juu ya maji. Lina sepali nne za nje, yaani vile vijani vinavyolifunika likiwa bado tumba, na ndani yake petali nyembamba ishirini hivi, zenye ncha, za bluu iliyopauka inayokaribia weupe kuelekea katikati. Katikati kuna stameni, yaani vijiti vya kiume vinavyotoa chavua, za njano zenye ncha za bluu. Upana wake ni sentimita 10 hadi 15 likishiba, na dogo zaidi likiwa kwenye chombo kidogo. Harufu yake ni nzuri na kali kuliko ukubwa wa ua.

Siku tatu za ua

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi huliona ua kila siku bila kujua kwamba halifanyi kazi ile ile kila siku.

Siku ya kwanza ua ni jike. Hufunguka katikati ya asubuhi, saa tatu au saa nne hivi, na ukichungulia kati utaona kikombe kidogo kimejaa majimaji yanayong'aa. Stameni zimesimama kukizunguka kama ukuta laini, bado hazijatoa chavua. Nyuki anayetoka kwenye ua lingine, mwili umejaa chavua, hutua juu ya stameni hizo, huteleza, huangukia kikombeni. Majimaji humsafisha chavua na kuishusha kwenye stigma, sehemu ya kike inayoipokea. Mara nyingine nyuki hashindwi tu kuruka, hushindwa kutoka kabisa. Ukimkuta mdudu amekufa katikati ya ua la siku ya kwanza, si sumu wala ugonjwa.

Alasiri ua hufunga. Siku ya pili likifunguka, kikombe kimekauka, stameni za ndani zimejikunja kuelekea katikati na kukifunika, na zile za nje zimepasuka zinamwaga chavua. Sasa ua ni dume. Siku ya tatu huendelea hivyo, pengine na ya nne, kisha kikonyo hujikunja na kulivuta ua chini ya maji. Kwa mpango huu ua haliwezi kujichavusha lenyewe kwa urahisi. Kama unataka kupiga picha ya kikombe kikiwa kimejaa, ni asubuhi ya siku ya kwanza tu. Ukichelewa, umechelewa kwa ua hilo.

Kabla ya kununua: ni lenyewe kweli?

Mimea ya majini huuzwa kwa majina ya kubahatisha, hasa kwa picha za simu. Jiulize maswali manne.

Je, majani yanalala juu ya maji na yana mpasuko? Jani la mviringo kamili, lisilo na mpasuko, lililosimama hewani juu ya kikonyo kigumu, ni la lotasi, jenasi Nelumbo, ambayo wala si ndugu wa karibu wa yungiyungi. Je, linachanua mchana? Yungiyungi jeupe linalofunguka jioni na kufunga asubuhi ya siku ya pili, lenye jani la meno makali, huenda ni Nymphaea lotus. Je, sepali kwa nje zina vistari vingi vya zambarau iliyokoza? Hiyo ni dalili ya caerulea letu la porini. Swali la mwisho ndilo kubwa: je, majani yaliyokomaa yana kinundu kitovuni? Omba picha ya jani kuukuu, siyo ya ua. Muuzaji mwenye 'Dauben' la kweli atakuwa nayo mengi.

Jihadhari na pakiti za mbegu zinazodaiwa kuwa za chotara hili. Mbegu ya chotara huchanganya upya urithi wa babu na bibi, na kinachoota hakifanani na mama. 'Dauben' huzidishwa kwa jani, basi. Na kama unataka kuliagiza kutoka nje ya nchi, mmea hai unahitaji kibali na ukaguzi: Tanzania nenda TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu; Kenya ni KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea.

Hatua ya kwanza: mahali na chombo

Mayungiyungi mengi hudai jua kwa muda wa saa sita kila siku. Hili huridhika na muda wa saa tatu au nne, na hiyo ni bahati kubwa kwa anayeishi ghorofani. Jua la asubuhi ni bora. Pwani, beseni dogo jeusi likipigwa na jua la saa nane mchana maji yake huwa ya moto hadi mkono unashtuka. Litafutie kivuli cha alasiri.

Chagua upana kuliko kina. Beseni la upana wa sentimita 50 au 60 na kina cha sentimita 35 linatosha kwa mmea mmoja. Pipa la plastiki lililokatwa nusu ni zuri zaidi, mradi halikuwahi kubeba dawa ya shambani au mafuta. Ndani yake weka chombo cha pili cha udongo, cha lita 5 hadi 10, kipana kama sufuria. Kuwa na vyombo viwili kunakusaidia kumtoa mmea, kumlisha na kumrudisha bila kuchafua maji yote.

Kama nyumbani pana watoto wadogo, weka wavu wa chuma juu au liinue beseni mahali wasipofika. Maji ya sentimita 20 yanatosha kumzamisha mtoto anayejifunza kutembea. Hili ulimalize kabla ya kumwaga ndoo ya kwanza ya maji.

Hatua ya pili: udongo

Unahitaji udongo mzito. Chota udongo wa kawaida wa bustani wenye mfinyanzi, ufinye mkononi ukiwa na unyevu: ukibaki donge bila kupasuka, unafaa. Ukiwa wa kichanga mno kama wa maeneo mengi ya Dar, changanya na mfinyanzi, sehemu mbili kwa moja. Usitumie mchanganyiko wa vitalu wenye maranda, pumba au nyuzi za nazi. Vitu hivyo huelea, na vikizama huoza. Samadi mbichi usiiguse. Ikiwa chini ya maji huchacha, hutoa harufu ya mayai yaliyooza na kuunguza mizizi michanga.

Udongo wa mabonde ya mpunga ni mzuri, ila nakushauri usiuchote mwenyewe kwa miguu mitupu. Maji yaliyotuama yenye konokono ndiyo makazi ya kichocho, na vimelea vyake huingia kupitia ngozi. Udongo huo pia huja na mbegu za magugu.

Hatua ya tatu: kupanda

Jaza chombo kidogo hadi sentimita 4 chini ya ukingo. Lowanisha udongo hadi uwe tope zito. Chimba kishimo kwa kidole, tandaza mizizi ndani yake, rudisha udongo juu ya mizizi tu. Kilele kibaki wazi, kikiinuka kidogo kama shingo ya kitunguu. Mwaga kokoto au mchanga mnene wa sentimita moja mbili juu ya udongo ili usipeperuke, ukiacha duara tupu kuzunguka kilele. Mche ukitaka kuelea, ushikilie kwa jiwe dogo juu ya mizizi, pembeni ya kilele.

Teremsha chombo polepole beseni likiwa na maji machache. Mwanzoni maji yazidi udongo kwa sentimita 5 hadi 10 tu. Majani yakifika juu na kulala, ongeza kidogo kidogo kila siku chache hadi sentimita 15 au 20. Ukimtumbukiza mche mchanga kwenye kina kirefu siku ya kwanza, atatumia akiba yake yote kurefusha vikonyo na kufika juu akiwa hoi.

Maji

Maji ya bomba yaache yakae siku moja au mbili ili klorini itoke, hasa kama utaweka samaki. Maji ya kisima cha chumvi, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, yaepuke; kusanya ya mvua.

Wiki ya pili au ya tatu maji yatageuka kijani. Kila mgeni wa kazi hii huyamwaga, na kila akiyamwaga hurudi kijani tena, maana maji mapya huleta chakula kipya cha mwani. Yaache. Majani yakifunika zaidi ya nusu ya uso wa maji, mwani hukosa mwanga na maji hutulia yenyewe. Kazi yako ni kujazia yaliyokauka, polepole, pembeni, siyo juu ya majani.

Mbu

Sitakubali mtu afuate mwongozo wangu akazalisha mbu. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na mwaka 2019, na mbu wa dengi hupenda hasa vyombo vya nyumbani kama beseni lako.

Weka samaki wadogo siku ile ile ya kupanda, maji yakishatua. Gapi watano wanatosha beseni moja. Hula viluwiluwi, huzaana wenyewe, na hawahitaji pampu. Perege usiwaweke, watafukua udongo na kutafuna mizizi. Mbu wa dengi hutaga mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Kwa hiyo kila wiki sugua ukuta wa ndani wa beseni kwa brashi kabla ya kujazia maji. Asiye na samaki atumie kiuaviluwiluwi cha kibayolojia, aina inayozalishwa pia kwetu Kibaha. Bakteria wake huua viluwiluwi bila kuudhuru mmea.

Kulisha

Usilishe mpaka mmea uwe na majani matano yaliyolala juu ya maji. Baada ya hapo, kila wiki ya tatu au ya nne, chukua nusu kijiko cha chai cha mbolea ya dukani ya NPK 17-17-17 kwa chombo cha udongo wa lita 5, kijiko kizima kwa lita 10. Funga kwa kipande cha gazeti kama unavyofunga karanga, kisha kisukume ndani ya udongo karibu na ukingo wa chombo, katikati ya kina. Ziba tundu kwa kidole. Mbolea ikimwagwa majini hulisha mwani na huweza kuua samaki.

Mmea wenye njaa hujieleza: majani mapya ni madogo kuliko yaliyotangulia, ya zamani yanageuka njano mengi kwa pamoja, na maua yanapungua. Mmea ulioshiba hutoa ua baada ya ua, na majani yake hubeba watoto wengi zaidi.

Kuzalisha kwa jani

Tumefika kwenye kazi ninayoipenda kuliko zote.

Usikimbilie kila kinundu. Subiri jani lianze kupauka na mche uwe na vijani angalau vitatu, kimoja chao kikikaribia upana wa sarafu. Pitisha kidole chini ya jani, chini ya kitovu. Ukihisi nyuzi nyembamba za mizizi, wakati umefika.

Kata kikonyo sentimita 5 hivi chini ya jani. Kisha punguza ubapa kwa mkasi, ubaki mduara wa kiganja kuuzunguka mche. Usiuondoe wote, maana bado unamnyonyesha mtoto. Andaa trei au bakuli pana lenye tope la sentimita 6 na maji ya sentimita 3 juu yake. Chomeka kile kipande cha kikonyo topeni hadi sehemu ya chini ya jani iguse udongo, mche ukitazama juu, na ushikilie kingo za jani kwa kokoto mbili. Weka penye mwanga mwingi lakini siyo jua kali la mchana.

Ndani ya wiki mbili au tatu mizizi inashika. Utajua kwa kuuvuta mche kidogo sana: ukikataa, umeshika. Jani la mama litaoza na kuwa utando wa kahawia. Liondoe likishaachia lenyewe, usilibandue. Mche ukiwa na majani manne ya kuelea, uhamishie chombo chake kwa hatua zile zile za kupanda.

Njia ya pili haihitaji kukata. Weka chombo kidogo cha udongo ndani ya beseni kando ya mama, kiinue kwa tofali hadi uso wa udongo ukaribie uso wa maji, kisha livute jani lenye mtoto likalie juu yake na ulibane kwa jiwe. Mtoto ataota mizizi akiwa bado anakula kwa mama. Ni ya polepole kidogo, ila hushindwa mara chache zaidi, na anayeanza ningemshauri aanzie hapa.

Miche yote utakayopata ni nakala kamili ya mama: rangi ile ile, harufu ile ile. Udhaifu pia ni ule ule, kwa hiyo usimzalishe mama anayeumwa.

Wadudu na kuoza

Vidukari weusi hujaa juu ya majani na maua wakati wa joto. Sukuma jani chini ya maji kwa mkono, lishikilie, suuza kwa vidole. Samaki watamaliza kazi. Dawa za kupulizia usizitumie penye samaki. Viwavi wanaokata vipande vya jani na kujifunika navyo, waokote. Konokono huingia na miche, kwa hiyo kila mche mgeni uoshe chini ya maji yanayotiririka, geuza majani yake na ufute ute wa mayai.

Majani yakianza kung'oka kwa kuguswa, kikonyo laini na cheusi chini, ni kilele kinachooza. Mama mara nyingi haokoki. Okoa watoto: kata kila jani lenye kinundu, hata kidogo, uyaache yaelee kwenye maji safi, tupa udongo wote na usugue beseni.

Nyanda za juu

Arusha, Nairobi au Mbeya, kati ya Juni na Agosti maji ya beseni hushuka chini ya nyuzi 20 na mmea husinzia. Acha kulisha kuanzia Mei. Lisogeze beseni karibu na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Huku chombo cheusi ni msaada, kinyume na pwani. Majani yakipungua yakabaki mawili, usihangaike. Weka miche miwili mitatu kwenye ndoo ndani ya nyumba, karibu na dirisha, kama akiba.

Libaki ndani ya chombo chake

Usilipeleke 'Dauben' kwenye bwawa la kijiji, mto wala kinamasi, hata kwa nia ya kupendezesha. Mmea unaozaa kwa kila jani husambaa bila kuhitaji mbegu wala nyuki, na ndugu zake wa porini wanaishi humo humo. Sisi wa nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria tumeshaona gugumaji, mmea ulioletwa kwa sababu ya uzuri wa maua yake, lilivyofunika ghuba nzima na kufunga njia za mitumbwi. Gapi nao wasimwagwe mtoni. Majani na miche usiyoitaka ianike juani ikauke kabisa, kisha itie kwenye mboji.

Kumpa mwenzako

Mche mwenye mizizi husafiri vizuri siku mbili au tatu. Loweka gazeti, likamue, mfunge mche mzima ndani yake, kisha mtie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko. Usijaze maji, yakitikisika njiani hukata vikonyo. Andika jina, 'Dauben', na tarehe, kwa kalamu isiyofutika, juu ya kopo na siyo juu ya karatasi iliyoloa. Ukimtuma kwa basi la usiku, mwombe kondakta akae nalo mbele, mbali na injini. Likifika, mpokeaji asiwe na haraka ya kupanda: auache mche uelee kwenye bakuli la maji yaliyotua, kivulini, hadi asubuhi ya pili yake, ndipo ashike udongo.